Mabeseni Mawili Chini ya Skrini

Ukiuliza kijiweni Mji Mpya ni bendi ipi ilikuwa kiboko, kahawa itapoa hujapata jibu. Wazee waliokulia Morogoro wamegawanyika tangu zamani: huku Cuban Marimba ya Salum Abdallah, kule Morogoro Jazz iliyomlea Mbaraka Mwinshehe. Wote wawili walikufa kwa ajali ya gari, Salum mwaka 1965, Mbaraka Januari 1979 akiwa Mombasa, na ubishi haujaisha mpaka leo. Nimekuwa kwenye kamati kadhaa za kuonyesha filamu za zilipendwa ili kuchangisha fedha. Maonyesho mengine yalilipa, mengine yalituachia deni la jenereta. Pale tulipowaacha watu wabishane, walichangia. Pale tulipowahubiria kuhusu urithi wa mji, walipiga makofi, wakakung'uta suruali na kwenda zao.

Basi kabla hujatafuta projekta, amua fedha ni za nini, na uitaje kwa bei. "Kuenzi muziki wa Morogoro" hakumtoi mtu elfu kumi mfukoni. Magitaa mawili ya vijana wa mtaa yanamtoa. Kuhamishia kwenye kompyuta kaseti za mzee aliyezihifadhi uvunguni kabla masika nyingine haijaziotesha ukungu, hilo pia linamtoa. Kama mchango ni wa matibabu ya mwanamuziki mkongwe, nenda ukamwone mwenyewe, umuulize kama anataka jina lake litajwe. Wapo wanaotaka. Wapo ambao heri walale njaa kuliko kutangazwa na gari la matangazo.

Filamu zipo, ila si nyingi. *Wahenga* ya Amil Shivji na Rebecca Corey inamfuata John Kitime katika ulimwengu wa zilipendwa, na mtazamaji wa Morogoro hahitaji kutafsiriwa chochote. *Buena Vista Social Club* ya Wim Wenders, ya mwaka 1999, ni ya Havana, lakini hapa ina wenyewe. Santuri za GV zenye muziki wa Kuba ndizo zilizowatia wazimu vijana wetu enzi za ukoloni, na Salum Abdallah aliiita bendi yake ya kwanza La Paloma, mwaka 1948, kabla ya kuja jina la Cuban Marimba. Kwa filamu kama hiyo anza kuwaandikia wenye haki miezi mingi kabla, na uwaeleze wazi kuwa unachangisha. Kuipakua tu na kuirusha ni wizi, hata kama fedha zinakwenda kwa yatima.

Lakini filamu inayofungua pochi ni ile mtakayoitengeneza wenyewe. Dakika 20 zinatosha. Simu nzuri, kinasa sauti cha kubana kwenye kola, na wazee watano. Usimuulize mzee "muziki wa zamani ulikuwaje", atakujibu kwamba ulikuwa mzuri, basi. Muulize suti yake alishonewa na nani. Muulize kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, na kama hakuwa nayo aliingilia wapi. Muulize walisikiaje kuwa Morogoro Jazz inakwenda Japani kwenye Expo 70 kule Osaka, na nani alibisha kuwa ni uongo. Mama mmoja tuliyemrekodi alinyamaza karibu dakika nzima, kisha akasimama na kutuonyesha alivyokuwa akishika ncha ya khanga wakati wa kucheza, isije ikakanyagwa. Usiku wa onyesho, sehemu hiyo ilibidi irudishwe mara tatu. Watu wanakuja kumwona jirani yao kwenye kitambaa, na wajukuu wa jirani ndio wenye simu zenye salio.

Haki za nyimbo zina hesabu yake. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo ulinzi wa tungo za Salum Abdallah ulikwisha na mwaka 2015, na wa tungo za Mbaraka utafika mwisho wa 2029. Utunzi ni kitu kimoja, na rekodi ni kitu kingine chenye mwenyewe: nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam zinakurudisha TBC, za santuri zina kampuni zake. Waone COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema wakueleze unachodaiwa. Na familia uione hata pale sheria isipokulazimisha. Usiende na fomu mkononi siku ya kwanza, nenda kusalimia.

Vibali vingine ni vya kawaida: filamu ya kuonyeshwa hadharani inapita Bodi ya Filamu, kwa sheria ya mwaka 1976, na njia nyepesi ni kuanzia kwa afisa utamaduni wa manispaa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa mjulishe kabla hajasikia kwa wengine.

Tarehe ina mitego zaidi kuliko vibali. Machi mpaka Mei ni masika, sahau uwanja wa wazi. Usiku wa Ramadhani waachie wenyewe. Na ukigongana na mechi ya Simba na Yanga utaonyesha filamu yako kwa viti. Mimi napenda Jumamosi ya Juni au Julai: kavu, giza linaingia mapema, saa moja na nusu unaanza. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, watu wa Morogoro wanaoishi Dar hawana tena kisingizio cha foleni ya Kibaha, na hao ndio wachangiaji wakubwa. Watumie tangazo wiki tatu kabla. Walioko mjini watasikia Abood FM na Radio Ukweli, ila tangazo lenye nguvu kuliko yote ni kijiwe: mpe mshabiki mmoja wa kila bendi picha ya zamani, halafu uondoke.

Skrini usikodi. Nunua marekani nyeupe, fundi cherehani aunge vipande viwili kwa mshono wa bapa, apinde kingo zote nne na kuacha nafasi ya kupitisha kamba. Kule juu ya mji jioni upepo wa Uluguru hushuka ghafla, na kitambaa kilichofungwa juu tu kitakuwa tanga la jahazi. Kifunge juu, chini na ubavuni. Jenereta iwe nyuma ya nyumba, na waya wake mrefu usikae kwenye njia ya miguu ya watu, yaani ufukiwe au upite juu. Kama bajeti ni ndogo kabisa, zungumza na mwenye kibanda umiza: ana projekta, ana mabenchi, na usiku usio na mpira hana wateja.

Halafu sauti. Hapa ndipo tulipoharibu mara ya kwanza. Fundi mitambo tuliyemkodi alizoea bongofleva, akafungua besi mpaka mabati yakatetemeka, na solo ya Mbaraka ikazama humo ndani kama sindano kwenye ngano. Mzee mmoja aliinuka akaondoka bila kuaga. Rekodi za miaka ya 60 na 70 hazina besi ya kukutetemesha kifua. Utamu wake uko katikati na juu kidogo, kwenye magitaa, tarumbeta na sauti ya mwimbaji. Mwambie fundi apunguze besi, kisha mwombe mzee mmoja anayejua akae katikati ya viti saa kumi jioni na kusikiliza, na asipotikisa kichwa kwa kuridhika, msianze.

Sasa fedha. Kiingilio kilipe gharama, mchango uingie pengine. Tuseme watu 120 kwa shilingi 3,000: hiyo ni 360,000, na jenereta, spika, viti na pilau ya wazee vinaweza kuimaliza yote. Liseme hilo kwenye kipaza sauti bila aibu. Kisha, filamu fupi ya wazee wenu ikiisha tu, kabla watu hawajanyoosha miguu, weka chini ya skrini mabeseni mawili, la bluu la Cuban Marimba, la njano la Morogoro Jazz. Mshereheshaji ahesabu kila baada ya dakika kumi na kutangaza nani anaongoza. Utaona mwenyewe: mtu aliyekwishatoa elfu mbili anarudi na elfu tano kwa sababu beseni la wenzake limempita. Wasio na fedha taslimu wapewe namba mbili za simu, moja kwa kila beseni, na washika hazina wasome majina yanapoingia.

Kama kuna bendi ya kupiga baada ya filamu, malizaneni mapema kuhusu tuzo. Mtu akipanda jukwaani kumtuza mwimbaji, fedha ile ni ya mwimbaji au ya mchango? Sisi hatukusema. Mwimbaji akaweka mfukoni, kama ilivyo desturi yake, na nusu ya kamati ikanuna mpaka asubuhi. Kosa lilikuwa letu.

Hesabuni palepale, mezani, taa zikiwaka, mashabiki wa pande zote mbili wakishuhudia, na karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe kijiweni Jumapili.

Ukipandisha milimani, Kinole au Mgeta, mabeseni yaache mjini. Kule hawakulelewa na ubishi wa Cuban na Jazz, na fedha taslimu si nyingi wiki isiyo ya gulio. Fanya mnada kama ule wa mavuno kanisani: watu walete walichonacho, kabichi, kuku, karoti, mkungu wa ndizi, na dalali awe mcheshi wa kijijini, asiwe mgeni kutoka mjini. Kinole mkungu wetu mmoja uliuzwa mara nne, kila aliyenunua akiurudisha unadiwe upya. Wa mwisho akakataa kuuchukua, eti nyumbani anazo. Tukashuka nao mjini usiku ule juu ya bodaboda, nimeupakata mimi, projekta ikiwa mgongoni.