Maharagwe Tuliyoyauza: Somo Kuhusu Mwili na Chakula cha Mahindi

Somo la leo linaanza na kosa letu sisi wenyewe. Msimu mmoja tulizunguka vijijini tukihimiza vikundi vikusanye maharagwe pamoja na kuyauza mara tu yanapokauka, mwezi wa saba, kabla madalali hawajashusha bei. Bei nzuri ilipatikana. Akina mama walilipa karo, vikundi viwili vikanunua mabati, nasi tukapiga makofi.

Kufika mwezi wa tano mwaka uliofuata, ghala nyingi zilikuwa zimebaki na mahindi peke yake. Tulienda kumwona mama mmoja ambaye alikuwa ameacha kuja mkutanoni. Shingo yake ilikuwa imezungukwa na ngozi nyeusi, kavu, inayobambuka, kama mtu aliyevaa mkufu. Mikono yote miwili ilikuwa vilevile, kuanzia vidole hadi pale blauzi inapofunika. Alikuwa akiharisha, halafu akianza kusema jambo analisahau katikati. Majirani walisema ati ametupiwa kitu. Muuguzi wa dispensari alimtazama, hakuuliza habari za maadui, aliuliza tu: "Mama, huko nyumbani mnakula nini?" Ilikuwa ni ugali na chumvi, siku nyingine ugali na mboga kidogo, wiki baada ya wiki. Ugonjwa ule unaitwa pelagra. Alipewa tembe za vitamini, na baada ya siku chache akili ilitulia na kuhara kukakoma. Ngozi ilichukua wiki kadhaa.

Sasa tujiulize, mtu anayeshiba ugali kila siku anawezaje kuugua kwa kukosa chakula?

Chakula tunachokula mwili hukivunja polepole ili upate nguvu. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, lakini vingi kati yao haviwezi kitu bila kisaidizi. Kisaidizi kimoja kikubwa wataalamu hukiita NAD, na mamia ya vimeng'enya hukitegemea. Mfikirie mtu wa mkokoteni sokoni. Anapakia mzigo, anaupeleka, anaushusha, anarudi na mkokoteni mtupu kupakia tena. NAD hufanya hivyo hivyo: inapokea hidrojeni kutoka kwa chakula kinachovunjwa, inaifikisha mahali ambapo nguvu hutolewa, kisha inarudi. Mikokoteni ikiwa michache, chakula kipo lakini nguvu haitoki. Zinazoumia mapema ni ngozi na utumbo, ambazo hujitengeneza upya kila wakati, na ubongo ambao unakula nguvu nyingi. Ndiyo maana yule mama aliugua mahali patatu kwa mpigo.

Mkokoteni huu mwili hujitengenezea wenyewe, na una njia mbili. Njia ya kwanza ni kutumia vitamini B3, yaani niasini, ambayo imo kwa wingi katika njugu karanga, nyama, maini na samaki. Njia ya pili ni ndefu zaidi. Protini tunazokula zimejengwa kwa vipande vidogo, na kimoja kati ya hivyo kinaitwa triptofani. Ini huchukua triptofani, huichonga hatua kwa hatua, na mwishoni hupata NAD. Ni kazi ya gharama: inahitaji kama miligramu 60 za triptofani kupata kitu kinacholingana na miligramu 1 ya niasini. Tena fundi huyu anataka vifaa vingine mkononi, yaani vitamini B6, vitamini B2 na madini ya chuma. Kifaa kimoja kikikosekana, kazi inalala.

Njia hii ya pili iliwasumbua sana wataalamu. Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimtuma daktari Joseph Goldberger katika majimbo ya kusini, ambako maskini wengi waliokula mahindi walikuwa wanakufa kwa pelagra. Watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Yeye aliona kwamba wafanyakazi wa hospitali hawaugui ingawa wanashinda na wagonjwa, akageukia sahani. Watoto mayatima walipoongezewa maziwa, mayai, nyama na jamii ya maharagwe, ugonjwa ulipotea. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alionyesha kwamba niasini ndiyo inayoponya mbwa wenye ugonjwa wa namna hiyo hiyo. Lakini kitendawili kilibaki: maziwa yana niasini kidogo sana, mbona yanazuia pelagra? Jibu lilipatikana mwaka 1945, triptofani ilipotambuliwa. Maziwa hayaleti mkokoteni, yanaleta mbao za kuutengeneza.

Na mahindi je? Mahindi yana shida mara mbili. Triptofani yake ni kidogo, na niasini yake imefungwa hivi kwamba tumbo haliwezi kuifungua. Watu wa Mexico, ambako mahindi yalitoka, tangu zamani huyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kusaga, na chokaa ile huifungua niasini. Mahindi yalisafiri dunia nzima, ujuzi ule ukabaki nyumbani. (Tafadhali, asiende mtu kutia chokaa ya kupaka nyumba kwenye sufuria! Sisi tuna njia yetu.)

Njia yetu ni githeri. Wazee waliochanganya mahindi na maharagwe hawakusoma habari za triptofani, wala wale wa muthokoi na nyoyo, lakini chungu chao kilikuwa na mbao na fundi pamoja. Mtu mzima anahitaji niasini miligramu 14 kwa mwanamke na 16 kwa mwanamume kwa siku, na mama mjamzito 18. Kilo moja isiyofika nusu ya unga wa mahindi inaweza kumpa kama 4 au 5 tu kwa njia ya triptofani. Gramu 100 za maharagwe makavu, karibu nusu kikombe, zinaongeza kama 6. Konzi ya njugu, omena au maziwa hujaza pengo. Hesabu hii si ya duka la dawa, kwa maana mwili wenye njaa ya protini hutumia triptofani kwanza kujenga misuli na damu, lakini inatuonyesha upande wa mambo.

Tusidhani ni habari za zamani. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra zaidi ya watu 17,000. Mahindi walikuwa wanapewa. Kilichokatika ni njugu karanga katika mgao wao. Na walioumia zaidi walikuwa wanawake.

Wako wengine wa kuangaliwa kwa jicho la karibu hata kama wanakula githeri. Mlevi wa kila siku hula kidogo, na pombe huzuia mwili kupokea vitamini. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza isoniazidi anaweza kupungukiwa na B6, ndiyo sababu kliniki humpa tembe ya B6 pamoja nayo. Asiache dawa zake hata kidogo, bali aulize kama tembe ile ipo. Ukiona ngozi iliyoharibika pande zote mbili sawasawa mahali jua linapochoma, pamoja na kuhara au kuchanganyikiwa, usingoje. Nenda dispensari, kwa sababu pelagra isiyotibiwa huua.

Jambo la unga nalo: tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini, niasini ikiwemo. Unga tunaosaga wenyewe kwenye mashine ya posho kijijini kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Wengi wetu tunakula huo.

Kwa hiyo tulirudi kwenye vikundi vile tukakiri kwamba tulihesabu shilingi tukasahau chungu. Hatukuwaambia wasiuze. Tulikaa na kalamu. Nyumba ya watu sita, kila mtu gramu 100 kwa siku, hutumia kama kilo 18 kwa mwezi, yaani gorogoro tisa. Gunia la kilo 90 linafika siku 150. Baadhi waliona ni nyingi mno, na kweli watoto wadogo hawamalizi kiasi hicho. Kikundi kimoja kilikubaliana kila nyumba ifunge gunia moja kwanza, ndipo mizani ya kuuza itolewe. Kingine bado wanabishana, kwa sababu karo haingoji.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

Mwaka jana nyumbani kwako maharagwe yaliisha mwezi gani, na mlikula nini na ugali baada ya hapo?

Nani nyumbani hula maharagwe mwisho, baada ya wengine kupakuliwa?

Mkifunga gunia moja kila nyumba, karo ya muhula wa tatu itatoka wapi?