Breki ya mkono ikipanda juu sana

Gari likiwa limesimama, vuta breki ya mkono polepole huku ukihesabu milio yake: ka, ka, ka. Kwa gari nyingi ndogo, ikishika kati ya milio 5 na 8 iko sawa. Kitabu cha gari lako kitakupa idadi kamili. Ikipita 10, au gari likiendelea kuteleza mtelemkoni, imelegea.

Wengi hukimbilia kukaza nati ya waya iliyo kwenye mkono wa breki. Tafadhali usianzie hapo. Waya huo unakwenda hadi magurudumu ya nyuma, ambako kwenye gari nyingi kuna drumu, na ndani yake shuu mbili, yaani vyuma vilivyopinda vyenye utando unaobana drumu. Utando ukilika, mkono hupanda. Ukikaza waya tu, unaficha shuu zilizokwisha, na ndizo hizo hizo zinazotumiwa na breki ya mguu.

Anza na shuu zenyewe. Tafuta mahali tambarare. Kwenye udongo wa hapa Dzaleka, Malawi, wakati wa mvua jeki huzama, kwa hiyo weka ubao mnene chini yake. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au vigingi, shusha breki ya mkono, inua nyuma, kisha ulaze gari juu ya stendi. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Nyuma ya drumu kuna tundu lililozibwa kwa mpira, na ndani yake kigurudumu chenye meno. Kizungushe kwa bisibisi mpaka tairi ligome, halafu kirudishe kidogo kidogo mpaka tairi lizunguke huru. Kikikataa kurudi, kuna kichuma kinachokizuia. Kisukume pembeni kwa bisibisi ya pili. Fanya pande zote mbili, kanyaga breki ya mguu mara kadhaa, ndipo ukaze nati ya waya kama bado inahitajika. Mkono ukiwa chini, tairi lisikwaruze: breki inayoburuta kutoka Dzaleka hadi Lilongwe, takriban kilomita 40, huunguza shuu.

Kazi hii haihitaji kipuri, kwa hiyo unamlipa fundi ufundi wake tu. Akisema shuu zimekwisha, mwombe akuonyeshe, na umuulize bei ya kazi mbali na ya kipuri. Ukienda Lilongwe kununua, beba shuu ya zamani uilinganishe. Nunua za magurudumu yote mawili.

Ukiegesha mtelemkoni gari likielekea chini, vuta breki, weka gia ya kurudi nyuma, na ugeuze matairi kushoto. Uliyejifunzia Kongo au Burundi angalia hapa: Malawi ukingo wako wa barabara uko kushoto. Gari litakalolala wiki nyingi kwenye unyevu liache kwenye gia na vigingi, bila breki ya mkono, kwa sababu shuu hugandia drumu.