Jiwe na Lebo Yake: Kiswahili katika Kumbukumbu za Wakusanyaji wa Madini

Utangulizi

Makala haya yanachunguza uwanja ambao wanafunzi wa Kiswahili hawana desturi ya kuutembelea: machapisho na hazina za mtandaoni zinazowahudumia wakusanyaji wa madini. Huenda msomaji akajiuliza isimu na fasihi zina uhusiano gani na watu wanaopanga mawe kabatini. Uhusiano upo, nao umo katika majina. Baadhi ya mawe yanayotamaniwa mno Ulaya na Marekani yalichimbwa Taita Taveta, bonde la Umba na Simanjiro, na pamoja nayo yamesafiri maneno ya Kiswahili. Dai langu ni kwamba maneno hayo yameandikwa, yamefasiriwa na hata kugandishwa nje ya uwanja wa wataalamu wa Kiswahili, na kwamba kuyachunguza ni kazi ya mwanaisimu kabla ya kuwa kazi ya mwanajiolojia.

Mkusanyaji na kikaratasi chake

Inafaa kwanza tuelewe mkusanyaji hutafuta nini. Yeye si sonara. Sonara hulikata jiwe na kuling'arisha. Mkusanyaji hulitaka jinsi lilivyotoka ardhini, fuwele zake zikiwa nzima na, ikiwezekana, zikiwa bado zimeshikamana na mwamba zilimomea. Pamoja na jiwe huenda kikaratasi, yaani lebo, chenye jina la madini, mahali yalipochimbwa na pengine majina ya waliowahi kulimiliki. Jiwe lililopotelewa na kikaratasi hicho hushuka thamani hata likiwa zuri kiasi gani, kwa kuwa haliwezi tena kushuhudia lilikotoka. Sisi tunaokusanya fasihi simulizi tunalijua jambo hili vyema: ngano isiyojulikana ilisimuliwa wapi, na nani, ni data dhaifu.

Kutokana na hali hiyo, machapisho ya wakusanyaji hutilia mkazo mahali kuliko kitu kingine chochote. Jarida la Rocks & Minerals lilianzishwa Marekani mwaka 1926; The Mineralogical Record likafuata mwaka 1970, na Lapis, ambalo huandikwa kwa Kijerumani, mwaka 1976. Mwaka 2009 The Mineralogical Record lilitoa makala marefu kuhusu migodi ya Merelani pekee. Jarida hilo pia limeweka mtandaoni, bila malipo, kumbukumbu ya wasifu wa wakusanyaji na wauzaji wa zamani pamoja na picha za lebo zao. Kwa mtu anayesomea uhariri wa miswada, lebo hizo ni chakula kitamu.

Hazina iliyo kubwa zaidi kwa sasa ni hifadhidata ya Mindat. Jolyon Ralph, Mwingereza, aliianza mwaka 1993 kama kumbukumbu katika kompyuta yake mwenyewe, na mwaka 2000 ikafunguliwa kwa umma mtandaoni. Hujazwa na watu wanaojitolea, na kosa linaweza kusahihishwa na mwenye ushahidi. Nukta hii ni muhimu kwa hoja itakayofuata. Aidha, ipo orodha rasmi ya Shirikisho la Kimataifa la Madini, ambalo tume yake ya majina imekuwa ikiidhinisha madini mapya tangu mwaka 1959; orodha hiyo sasa ina zaidi ya madini 6,000. Wenye kutaka maelezo ya kikemia wana Handbook of Mineralogy, kitabu cha juzuu tano ambacho kurasa zake husomwa bure. Jarida la Gems & Gemology nalo limefungua matoleo yake yote tangu mwaka 1934.

Merelani, Mererani au Mirerani?

Tuchukue mji mmoja wa wilaya ya Simanjiro. Magazeti na ofisi za Tanzania huandika Mirerani, wengine Mererani. Wakusanyaji na wanasayansi huandika Merelani. Mwanafunzi wa fonolojia hatashtushwa na mbadilishano wa /l/ na /r/, kwa sababu umeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Lakini mwaka 2016 palitangazwa madini mapya kutoka migodi hiyo, nyuzi nyembamba za rangi ya kijivu zenye molibdeni na risasi ndani yake, yakapewa jina la kimataifa lililotokana na tahajia ya Merelani. Jina la madini likishaidhinishwa, kulibadilisha ni kazi ngumu. Hivyo basi, wakati wenyeji wangali wanasitasita kati ya tahajia tatu, sayansi imekwisha kuchagua moja.

Kosa la pili ni la kijiografia. Lebo nyingi husema jiwe limetoka Arusha. Simanjiro imekuwa katika mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2002, na kwa jiwe lililochimbwa baada ya hapo lebo ya Arusha inapotosha. Kwa jiwe la mwaka 1970, lebo hiyo hiyo ni ushahidi mwema wa historia na haifai kufutwa.

Neno ambalo halikutafsiriwa

Mfano ulio mzito zaidi ni wa garneti ya Umba. Katika miaka ya 1960, wanunuzi waliofika bonde la Umba, kaskazini mwa Tanzania, walikuwa wakitafuta garneti ya rangi ya waridi iitwayo rodolaiti. Katika mafungu waliyoletewa mlikuwa na mawe mengine, ya rangi iliyo kati ya chungwa na nyekundu, ambayo hayakulingana na kile walichokijua. Yakatupwa kando, nayo yakaitwa malaya. Baadaye ilibainika kwamba ni mchanganyiko wa aina mbili za garneti, soko likayapenda, na jina likabaki. Leo hata mawe ya namna hiyo kutoka Madagascar huuzwa kwa jina hilo.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi. Hata hivyo, katika maandishi mengi ya vito neno hili hufasiriwa kwa upole: aliyetengwa, asiye na ukoo. Wapo wanaotaja maana ya kweli, na wapo wanaoandika malaia, kana kwamba kubadilisha herufi moja kunalitakasa neno. Fasiri ya aliyetengwa si uongo mtupu, maana inaeleza nia ya waliolitoa jina. Ila inaficha tusi lenyewe, na inaficha pia kwamba tusi hilo katika Kiswahili humwangukia mwanamke zaidi.

Linganisha na tanzanaiti. Jiwe hilo la buluu lilipogunduliwa mwaka 1967, lilijulikana kuwa aina ya zoisaiti, madini yaliyopewa jina la Sigmund Zois mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ikalitangaza kwa jina la tanzanaiti. Husimuliwa kwamba sababu mojawapo ilikuwa sauti: zoisaiti, kwa masikio ya mnunuzi wa Marekani, ilikaribiana na neno la Kiingereza la kujiua. Kwa hiyo jina lililofanana tu na neno baya la Kiingereza liliachwa, ilhali neno baya la Kiswahili, lenyewe hasa, likawekwa dirishani mwa duka. Wanaisimujamii hufundisha kwamba hadhi ya lugha hupimwa kwa kuangalia ni masikio ya nani yanayohofiwa. Sijaona mfano wa wazi kuliko huu.

Magadi na yakuti

Si kila habari ni ya huzuni. Mwaka 1967 mwanajiolojia Hans Eugster alieleza madini mawili mapya kutoka Ziwa Magadi, moja likaitwa kwa jina la ziwa na la pili kwa jina la Kenya. Kwa njia hiyo neno ambalo mama zetu hulitumia wanapolainisha mboga na githeri limo katika orodha rasmi ya dunia. Lakini tahadhari: madini yenye jina la Magadi si magadi ya jikoni. Ni silikati ya sodiamu yenye maji. Magadi tunayoyajua ni kaboneti, na katika orodha yanaitwa trona, jina linalohusishwa na neno la Kiarabu natruni. Mtunga kamusi asiyejua hili atatafsiri kimakosa, tena kwa kujiamini.

Nayo fasihi ya pwani ina hazina yake. Almasi, yakuti, zumaridi, feruzi na akiki ni majina yaliyotufikia kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, na washairi wetu wameyatumia kwa muda mrefu. Walimu wengine hulilaumu neno yakuti kwa kukosa uwazi, kwa kuwa hutaja jiwe jekundu na la samawati pia, mpaka liongezwe samawi. Lawama hiyo haina msingi. Kwa mwanasayansi, mawe hayo mawili ni madini yale yale, korandamu, yaliyotofautishwa na chembe ndogo tu za elementi nyingine. Kiingereza ndicho kilichoyatenganisha. Vivyo hivyo tuna ulanga na tuna kinywe, na kinywe ndicho kilichojaa katika miamba inayozaa tanzanaiti. Anayeandika lebo ya Kiswahili halazimiki kusema grafaiti.

Tatizo la kiishio

Lipo suala moja la kiufundi ambalo linahitaji mjadala katika kurasa hizi. Majina mengi ya madini katika Kiingereza huishia kwa kiambishi kimoja, ambacho tunapokifuata kwa matamshi hutupa -aiti, na tunapokifuata kwa maandishi hutupa -iti. Tanzanaiti imekwisha kukita mizizi upande wa kwanza. Je, madini ya Eugster yawe magadiaiti au magadiiti? Ya Simanjiro yawe merelaniaiti au mireraniiti? Ngeli si tatizo, kwani maneno haya huingia katika ngeli ya I-ZI bila ubishi. Tahajia ndiyo inayotushinda. Mimi naegemea -aiti, kwa kuwa hutamkika bila irabu mbili zinazofanana kugongana, na kwa kuwa tanzanaiti haitarudi nyuma. Kuhusu mireraniaiti kwa r, natambua kwamba orodha rasmi ina l. Lakini orodha hiyo huamua jina la kimataifa tu. Hailiamulii Kiswahili namna ya kuuandika mji wake chenyewe.