Viatu vya Mtumba, Sahani ya Mama Lishe na Mguu Usiohisi

Katika soko la Mchikichini, Ilala, ambalo wakazi wengi wa Dar es Salaam hulijua kwa jina la Karume, mabelo hufunguliwa mapema asubuhi. Kamba hukatwa, nguo humwagwa juu ya turubai, na wanunuzi wa kwanza huinama kuchambua kabla ya wenzao kufika. Humo hupatikana koti la sufi la mtindo wa zamani, gauni la harufu ya kabati la mbali, mkoba wa ngozi halisi ambao dukani bei yake isingetajika. Wauza viatu hupanga jozi zao zikiwa zimepigwa brashi na kung'arishwa hadi zikakaribia upya. Inapofika saa nne, harufu ya vitumbua na supu huchanganyika na vumbi la nguo. Soko hili liliteketea kwa moto Januari 2022, na wafanyabiashara wakarudi. Mtu asiyejua soko kama hili hajui jiji linavyovaa wala linavyokula.

Mgonjwa wa kisukari naye huenda huko. Hata hivyo, ushauri anaopewa kliniki mara nyingi huishia katika makatazo mawili: usivae viatu vya mtumba, usile barabarani. Mgonjwa huitikia kwa adabu, kisha hutoka na kwenda Karume, kwa kuwa fedha aliyonayo inatosha huko tu. Katazo la namna hiyo humwacha aingie sokoni bila maarifa yoyote, na hilo ndilo la kuogopwa zaidi.

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili. Mwanamke wa miaka 54, mwenye kisukari kwa miaka 11, anatumia metfomini na glibenklamaidi. Mpwa wake anaolewa Jumamosi. Anafika sokoni asubuhi, anajaribu jozi nne za viatu, na zote anaziona zinapwaya. Ya tano, nyeusi, ya ngozi laini, inambana kidogo. "Hiki kimekukaa, mama," anasema muuzaji. Naye anakubali, kwa kuwa hicho ndicho kiatu cha kwanza anachokihisi mguuni.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Sukari iliyokaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, ikianzia kwenye vidole vya miguu. Mguu uliopungukiwa na hisia huona kiatu cha kipimo sahihi kuwa ni kikubwa, na huona kiatu kinachobana kuwa ndicho kinachofaa. Muuzaji hakudanganya, na mnunuzi hakuzembea. Mguu ndio uliotoa ushahidi wa uongo.

Jambo hili lilieleweka kwanza kwa wagonjwa wa ukoma. Daktari mpasuaji Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, baada ya Vita Kuu ya Pili, alionyesha kwamba miguu ya wagonjwa wake haikuwa ikijiozea yenyewe kama ilivyodhaniwa. Ilijeruhiwa na mambo ya kawaida kabisa, kama msumari, mshono wa kiatu au mwendo mrefu, na mwenyewe hakupumzika kwa sababu hakuumwa. Mguu wa kisukari hufuata njia hiyohiyo. Madaktari wa Dar es Salaam wamewahi kuripoti wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, wakagundua asubuhi walipoona damu.

Kupima hisia kabla ya kwenda sokoni

Kipimo kimoja huweza kufanyika nyumbani bila kifaa chochote. Mgonjwa hulala na kufumba macho. Mtu mwingine humgusa kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha tatu na cha mwisho cha kila mguu. Haruhusiwi kubonyeza, kugonga wala kupapasa. Mgonjwa husema kila anapohisi. Akikosa kuhisi sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, achukuliwe kuwa hisia zake za kinga zimepungua, na aende kliniki apimwe kwa uzi wa plastiki wa gramu 10 pamoja na mapigo ya damu ya miguuni. Kutoumwa hakuwezi kuhesabiwa kuwa dalili njema.

Kwa aliyewahi kupata kidonda, aliyekatwa kidole, au ambaye umbo la mguu wake limebadilika, jibu ni moja: viatu vya soko havimfai, viwe vya mtumba au vipya. Huyo ahitaji kiatu kilichotengenezwa kwa ajili yake, na kazi ya mhudumu ni kumwandikia rufaa. Kwa wengine wote, kiatu cha mtumba kilichochaguliwa vizuri ni bora kuliko ndala, ambayo hushikiliwa kwa vidole visivyohisi na kuuacha mguu wazi kwa miiba na vioo. Ni bora zaidi kuliko kwenda peku juu ya lami ya saa nane mchana, ambayo huweza kuunguza unyayo bila mwenyewe kujua.

Kipande cha boksi

Kwa kuwa mguu hauaminiki, apelekwe shahidi mwingine. Mgonjwa asimame kwa uzito wake wote juu ya kipande cha boksi gumu, na mtu mwingine achore mzunguko wa mguu kwa kalamu iliyosimama wima. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote iongezwe sentimita moja, kisha boksi likatwe. Ifanyike kwa miguu yote miwili, maana ni nadra ikalingana. Sokoni, kipande hicho huingizwa ndani ya kiatu. Kikikunjika ubavuni au kikajipinda mbele, kiatu hicho kirudishwe kwenye fungu hata kama ni kizuri namna gani na muuzaji amepunguza bei mara tatu.

Jioni ndio wakati mzuri wa kununua viatu, kwa kuwa miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Kinachotosha saa tatu asubuhi huweza kubana saa kumi na moja. Kujaribu kufanyike na soksi, kwa ajili ya kipimo na pia kwa ajili ya fangasi, ambao huweza kukaa ndani ya kiatu kwa muda mrefu.

Mtumba una tatizo lake la pekee: kiatu kimekwisha kujifunza mguu wa mtu mwingine. Ndani mna alama ya unyayo wake, vishimo pale alipokanyagia na matuta pale ambapo hakukanyaga. Kiwekwe juu ya meza iliyo sawa na kitazamwe kwa nyuma. Kikiinama upande, kisigino kililiwa na mwendo wa mwenyewe wa kwanza, na kitamlazimisha wa pili atembee vivyo hivyo. Kisha mkono uingizwe hadi mbele kabisa kutafuta ncha ya msumari, gundi iliyokauka au mshono uliovimba. Mikono ya baadhi ya wagonjwa nayo ina ganzi, hivyo aende na binti au jirani. Soli laini ya ndani itolewe na kubadilishwa, jambo ambalo fundi viatu hulifanya kwa muda mfupi.

Nyumbani, kiatu kisafishwe na kukaushwa vizuri. Siku ya kwanza kivaliwe kwa saa moja tu, kisha miguu ikaguliwe, unyayo ukitazamwa kwa kioo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huweza kutoonekana, lakini joto halijifichi: sehemu iliyo na joto kuliko mahali hapohapo kwenye mguu wa pili imeanza kuumia.

Kuhusu nguo, hofu ni kubwa kuliko hatari. Wadudu wa upele kwa kawaida hawaishi zaidi ya siku mbili au tatu nje ya ngozi ya binadamu, na chawa wa mwili hufa ndani ya wiki hivi. Belo lililosafiri wiki kadhaa baharini haliwezi kuwaleta wakiwa hai. Inatosha kufua kwa maji ya moto na kupiga pasi. Pasi ina faida nyingine, kwani huua mayai ya inzi anayetaga kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa, ambaye funza wake huingia chini ya ngozi. Inzi huyo ni wa hapahapa Afrika, wala hakuja na belo.

Miwani ya kusomea inayouzwa kando ya njia isinunuliwe na mwenye kisukari kabla ya kupimwa macho. Sukari ikipanda, lenzi ya jicho hubadilika na maandishi hufifia. Miwani hiyo huweza kumfariji mtu ambaye retina yake inaharibika.

Saa saba mchana

Mwanamke wa mfano wetu alimeza dawa saa kumi na mbili asubuhi kwa chai na nusu chapati, akazunguka soko hadi saa saba. Akaanza kutokwa jasho, mikono ikamtetemeka, akashindwa kuhesabu chenji. Waliokuwa karibu wakadhani ni jua. Glibenklamaidi na insulini huendelea kushusha sukari hata kama chakula kimechelewa, na kutembea huongeza kasi. Sukari iliyo chini ya milimoli 4 kwa lita ni ya kushughulikiwa papo hapo, na asiye na mashine asisubiri namba: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kusubiri dakika 15, kurudia kama dalili hazijaisha, kisha kula. Asiyeweza kumeza asimiminiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na kukimbizwa hospitali.

Na kula kwenyewe? Banda la mama lishe lina karibu kila kinachohitajika. Nusu ya sahani iwe mchicha au matembele, robo maharage au samaki, robo wali au ugali. Mama lishe hupakua wali kwanza na kwa ukarimu, hivyo aombwe mapema. Chakula kiwe kinatoa mvuke kinapopakuliwa. Kilichokaa vuguvugu zaidi ya saa mbili kiachwe, na kachumbari pamoja na matunda yaliyokwisha kukatwa viachwe pia pasipo na maji safi. Juisi ya miwa inafaa katika dharura ile tu.

Jumamosi alivaa viatu vyeusi kuanzia saa tisa hadi usiku wa manane. Siku ya tatu mjukuu wake alimwambia, "Bibi, soksi yako ina damu." Alifika kliniki siku hiyohiyo, na kidonda hakikuwa kimefika kwenye mfupa. Mhudumu alimwomba kiatu, akaingiza mkono ndani, akauliza kilinunuliwa wapi na saa ngapi. Mguu ulipumzishwa usikanyagiwe, na baada ya wiki kadhaa ukafunga. Kwa kuwa sasa amewahi kupata kidonda, aliandikiwa rufaa ya kutengenezewa viatu. Karume bado anakwenda. Mwezi uliofuata alikwenda saa kumi na moja jioni, na boksi mkobani, safari hii likiwa limekatwa kwa mguu wa dada yake, ambaye naye ana kisukari na hajawahi kupata kidonda. Muuzaji alicheka, akalipokea, akaliingiza kwenye jozi moja, ya pili, ya tatu, kisha akainama kuchimbua chini ya fungu.