Kuichambua Namba ya Katavi kwa Kalamu na Karatasi

Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Katavi una watu 1,152,958. Sensa ya 2012, mwaka uleule mkoa ulipomegwa kutoka Rukwa na Mpanda kuwa makao makuu, ilihesabu 564,604. Kwa mipango ya shule na visima, jambo kubwa hapo ni kwamba watu wamezidi maradufu. Mimi namba hizi nazipenda pia kwa kuwafundishia watoto vigawo, bila kikokotoo.

Namba inaishia na 8, basi igawe kwa 2: unapata 576,479. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 38, hivyo 3 haiigawi. Kwa 5 haiwezekani. 7, 11, 13 na 17 zote zinaacha baki. Watoto wengi huchoka hapa, na ndipo utamu unapoanza, maana 19 ina mbinu yake. Chukua tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, ijumlishe na zilizotangulia: 57,647 + 18 = 57,665. Rudia: 5,766 + 10 = 5,776. Tena: 577 + 12 = 589. Mwisho: 58 + 18 = 76, ambayo ni 19 mara 4. Imekubali! Waeleze na sababu: ukizidisha namba nzima kwa 2, kila kumi inakuwa ishirini, na ishirini ukiitoa 19 inabaki 1.

Ukigawa kwa 19 unabaki na 30,341, na hii ni ngumu kweli. Usijaribu namba zote. 175 × 175 inaipita 30,341, kwa hiyo ikiwa ina vigawo, kimojawapo kiko chini ya 175. Namba tasa za chini ya hapo ni 40, na unazipata kwa chekecheo la Eratosthenes, mtaalamu wa kale wa Alexandria, Misri. Saba za kwanza, kuanzia 2 hadi 17, tulishazikataa, zimebaki 33. Gawanya moja moja kwa subira. 37 inaacha 1, 41 nayo inaacha 1, na hakuna inayoingia. 30,341 ni namba tasa.

Basi 1,152,958 = 2 × 19 × 30,341, yenye vigawo 8 tu. Ile ya 2012 ni laini zaidi: 2 × 2 × 17 × 19 × 19 × 23, yenye vigawo 36. Kigawo kikubwa cha shirika cha hizo mbili ni 38. Ni sadfa tupu, haisemi lolote kuhusu wakazi, lakini ina faida darasani: ongezeko la watu, 588,354, lazima ligawanyike kwa 38, na unalijua hilo kabla ya kuligawa. Mpe mwanao athibitishe, kisha mtafutieni namba ya mkoa wenu.