Daktari Mwanagenzi na Usalama wa Mgonjwa

Ukimpeleka mgonjwa katika hospitali ya kaunti nchini Kenya saa nane za usiku, daktari wa kwanza kumwona huenda akawa mwanagenzi: kijana aliyesomea udaktari kwa miaka 6 na ambaye sasa anatumikia mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya kupewa leseni kamili. Katika wodi ya wazazi, ndiye anayekagua chati ya uchungu, anayekimbia maabara kutafuta damu, na anayempigia daktari bingwa simu mtoto akianza kuchoka tumboni. Kwa hiyo masharti ya kazi yake yanamhusu mgonjwa moja kwa moja. Uchunguzi uliofanywa Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wanagenzi wa chumba cha wagonjwa mahututi waliofanya zamu za saa 24 au zaidi walikosea makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi ya walipopunguziwa saa. Hao walikuwa na vifaa vya kutosha na wakubwa wao karibu. Tusitarajie nafuu pale ambapo daktari mmoja anahudumia wodi mbili na bingwa yuko nyumbani kwake.

Wapo wanaosema kwamba mwanagenzi bado anajifunza, basi posho kidogo yamtosha. Hoja hii ilichangia mgomo wa madaktari wa siku 56 mwaka 2024, serikali ilipotaka kuwalipa wanagenzi shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,400 zilizotokana na mkataba wa 2017 kati ya serikali na chama cha madaktari. Ni kweli anajifunza, lakini anajifunza kwa kufanya kazi ambayo asipoifanya yeye hakuna wa kuifanya. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na mazingira mwafaka ya kazi, bila kumtenga anayejifunza.

Hoja ya uhaba wa fedha ni nzito zaidi, na haifai kupuuzwa: mishahara ya umma inameza sehemu kubwa ya mapato ya nchi. Hata hivyo, daktari anayekaa nyumbani miezi mingi akisubiri kupangiwa kituo, au anayehamia ng'ambo mara tu apatapo leseni, ni hasara ya fedha zilizokwisha kutumika kumsomesha. Wengine wataondoka hata wakilipwa vizuri, hilo halina ubishi. Lakini tunaamini wengi wangebaki iwapo mshahara ungefika kwa wakati, zamu zingekuwa na kikomo, na bingwa angeitika anapoitwa usiku. Mambo mawili ya mwisho hayahitaji mabilioni. Yanahitaji msimamizi wa hospitali anayeisoma ratiba ya zamu na kuuliza maswali.

Mwananchi anayetaka kufuatilia ajue pa kwenda. Kuwapangia wanagenzi vituo na kuwalipa ni jukumu la Wizara ya Afya, hivyo malalamiko kuhusu ucheleweshaji yapelekwe kwa mbunge. Vifaa, chumba cha kupumzikia na idadi ya madaktari wanaoajiriwa baada ya unagenzi viko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Hayo yaulizwe katika vikao vya umma vya bajeti ya kaunti, ambavyo sheria inavitaka kila mwaka.