Kujenga Shule: Hesabu Kwanza, Msingi Baadaye

Wazazi wa Galbet, mjini Garissa, wakitaka kuwajengea watoto wao madarasa, yawapasa kujua mambo manne kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Kwanza, mlipaji ni nani? Kwa Katiba ya mwaka 2010, shule za chekechea ni kazi ya serikali ya kaunti. Za msingi na za sekondari ni kazi ya Serikali ya Taifa. Ombi lililopelekwa mlango usio wake hukaa bure.

Pili, ukubwa. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 wasema chumba cha mita 7.5 kwa 6 kisiwe na watoto zaidi ya 30, kila mmoja na dawati lake. Basi watoto 90 wahitaji vyumba 3. Milango ifunguke kwa nje, na madirisha yasitiwe vyuma.

Tatu, mahali. Mto Tana ulifurika Garissa mwaka 2023 na tena 2024, chagueni palipoinuka. Madirisha yaelekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri lisiwachome watoto.

Nne, fedha. Hesabuni msingi, kuta, bati, sakafu, madawati, vyoo na tangi la maji. Kwani paa la mita za mraba 45 laweza kukinga lita 900 mvua ikinyesha milimita 20.

Fedha zikitosha vyumba 2, msianze 3. Chumba kilichokwisha chaweza kutumika kesho. Kuta zisizo na paa huwa zizi la mbuzi, na watoto hubaki chini ya mgunga.